Kinga Iko Juu

Asubuhi ile Furaha alitia chumvi kwenye chai. Alitia mara mbili. Mumewe, Luqmani, aliiona ya kwanza akanyamaza, akaiona ya pili akanyamaza vilevile. Ndoa yao ndefu ilikuwa imemfundisha kwamba chai ya chumvi hunyweka, ila ugomvi wa asubuhi haumezeki.

Walikuwa jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaotazama Mlali. Mvua ilikuwa imeshinda juu ya bati tangu jana yake. Kuni zimelowa, moto unakufa. Furaha akanyoosha kidole kuelekea miguu ya mumewe. Pale palikuwa na kinga moja, ule ukuni uliokwisha kuungua ncha, umejitenga na wenzake, unafuka moshi peke yake.

"Halidi," akasema, "sogeza."

Luqmani akacheka, akaisogeza. Yeye si Halidi. Halidi ni shemeji yake, mdogo wa Furaha, mwenye mashine ya kusaga huko Kihonda. Lakini katika jiko lile, yeyote aliyekaa karibu na kinga aliitwa Halidi mpaka aisogeze. Yasmin, binti yao, aliitwa Halidi alipokuja kutembea. Mwalimu wa madrasa aliitwa Halidi, akageuka nyuma kumtafuta anayeitwa. Siku moja hata paka aliitwa Halidi, naye ndiye pekee aliyekataa.

Moto ukashika. Wakanywa.

"Imekolea?" Furaha akauliza.

"Imekolea." Na huo haukuwa uongo. "Wapangaji wameamkaje?"

Wapangaji ni zile sauti zilizokaa kichwani mwa Furaha. Jina hilo aliwapa mwenyewe. Luqmani alikuwa akiwajulia hali kila asubuhi, kama mtu anavyowajulia hali wakwe asiowapenda.

"Wamelala. Mmoja tu ndiye anayekohoa."

"Mpe pole."

"Nimempa. Hajibu."

Furaha akaenda kuchuma majani ya maboga, Luqmani akaenda shambani. Hawakuagana, wanaoagana ni wasafiri. Jioni Luqmani alimkuta amejilaza, mwili unachoma kama bati la mchana. Kumbe aliyekuwa anakohoa hakuwa mpangaji. Alikuwa mwenye nyumba.

Hospitali walisema ni mapafu. Walisema pia kwamba wamejitahidi. Luqmani aliyaamini yote mawili.

Msibani watu walijaa. Mtu aliyekwepwa njiani miaka nenda miaka rudi alipata siku moja ya kufuatwa. Wanawake waliokuwa wakiwaficha watoto nyuma ya kanga akipita, siku hiyo walilia mpaka kanga zikaloa. Bwana mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Luqmani akatazama chini. Alikumbuka kwamba bwana huyo alikuwa akizunguka nyuma ya msikiti ili asikutane na mtu wa watu. Maiti hana kasoro, hasa pilau likishaiva.

Walipoondoka, akaingia jikoni kuwasha moto. Ilibaki kinga moja. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hawakusema kinga moja ifanye nini. Akaipuliza mpaka machozi yakamtoka, akausingizia moshi.

Sasa habari ya Halidi na kinga ni hii.

Furaha alizaliwa juu. Watu wa Mlali husema "juu" tu, hawana haja ya kutaja milima ya Uluguru. Anayetoka juu kaleta ndizi, anayekwenda juu kaenda kupalilia maharage. Neno hilo liwekwe akiba, litahitajika.

Alikuwa msichana wa kicheko na msusi wa mikeka. Luqmani alimuoa akahamia kwao, maana katika ukoo wao ardhi ni ya upande wa mama, na wenye kauli ni wajomba. Mume ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Halidi alikuwa mtoto wakati huo, anabebwa mgongoni na dada yake huyohuyo, akimlowanisha. Baadaye kaka zao wakubwa walikufa, naye akabaki mwanamume pekee. Hivyo yule mlowanishaji akawa mkuu wa ukoo.

Ugonjwa ulimjia Furaha wakati Yasmin akiwa bado ananyonya. Siku moja alisimama katikati ya maharage akamjibu mtu asiyekuwepo. Kesho yake akamjibu tena, kwa ukali zaidi.

Kijijini kila mtu ni daktari, mpaka utake dawa. Mmoja alisema ni jini wa mtoni. Mwingine alisema amekanyaga kaburi. Wa tatu alisema mume kamfanyia kitu ili amiliki shamba, na wa nne, aliyekuwa na shamba la kupakana, aliunga mkono haraka. Furaha mwenyewe alieleza kwa maneno machache kuliko wote.

"Wamehamia watu kichwani," alimwambia mumewe. "Hawakupiga hodi."

"Wanasema nini?"

"Wananisema mimi. Kama wako barazani kwao."

Ndipo wakaitwa wapangaji.

Halidi alimpeleka kwa waganga. Akarudi na chale kifuani, hirizi mkononi, na wapangaji wake wote, hakuna aliyehama. Mwishowe Luqmani alimshika mkono wakateremka mjini Morogoro, hospitali. Siku ile muuguzi alitoka mlangoni akaita, "Furaha! Furaha yupo?" Watu kwenye mabenchi wakatazamana. Mzee mmoja akajibu, "Hapa, mwanangu? Hapa hajafika."

Daktari akataja jina la ugonjwa: skizofrenia. Lilikuwa refu kama treni ya Kisaki. Luqmani alilibeba kwa uangalifu, lakini lilikuwa likidondosha mabehewa njiani. Alipofika nyumbani limebaki "frenia", na majirani wakalipokea kama jina la mwanamke aliyemroga.

Dawa zilisaidia. Wapangaji walipunguza kelele, siku nyingine walilala moja kwa moja. Watu wakasema amepona. Luqmani hakusema. Kwa watu, ugonjwa ulikuwa zile sauti, kwa sababu ndizo zilizowatisha. Kwake yeye kulikuwa na kingine, nacho hakikutisha mtu. Furaha alikuwa hawezi tena kufuatisha jambo. Anateleka sufuria bila maji. Anapanda maharage, anarudi kuyafukua aone kama ameyapanda. Mikono ilikumbuka kusuka, ila haikujua rangi inayofuata ni ipi. Mkeka mmoja wa wakati huo upo msikitini: unaanza na mistari, unaingia kwenye maua, unaishia pasipojulikana. Mwalimu wa madrasa huwaambia wageni ni mtindo mpya.

Luqmani akabuni njia. Kila usiku kabla ya kulala alivipanga vitu jikoni kwa mstari, kutoka mlangoni kwenda mafigani: sufuria, maji, majani ya chai, sukari. Furaha aliufuata mstari, na chai ikawa chai. Chumvi ilikaa juu ya dari. Siku mkewe alipoichuchumilia na kuishusha, Luqmani alijua kwamba siku hiyo si nzuri. Na siku zisizo nzuri aliziona zina tabia moja. Homa ikija, au viungo vikivimba, wapangaji walipaza sauti na mstari ukapotea, vyote kwa pamoja.

Ikawa siku moja kliniki wakakutana na Daktari Martina. Alikuwa binti mpole kutoka Dar es Salaam, amekuja na kisanduku cha barafu na vijana wa kubeba karatasi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia.

Akaeleza anafanya utafiti. Anataka kujua kama kinga ya mwili ina uhusiano na sauti anazosikia mama, na kule kusahau.

"Kinga ni kama askari waliomo kwenye damu," akasema. "Ukipata kidonda au homa, wanaamka wanapigana. Sasa kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa huu, tunapopima tunakuta askari wako macho muda wote. Kama wamepigiwa filimbi, na mwizi hayupo."

"Kama mwizi hayupo wanampiga nani?" Furaha akauliza.

"Hapo ndipo hatujapajua, mama. Huenda wanawasha moto mwilini, na moshi wake unafika kichwani. Huenda kitu kingine ndicho kinachowaamsha. Hatujui kinachoanza ni moto au ni moshi."

"Kwa hiyo mnaichukua damu yangu mkaiulize."

"Ndiyo, mama. Ukikubali."

"Chukueni. Ikiwajibu mniambie. Mimi nimekaa nayo miaka yote haijanisemesha."

Wakampima damu, kisha wakampima kumbukumbu. Daktari akamsomea maneno: ndizi, mlango, mvua, kaka, ndoo. Wakazungumza mengine, halafu akamwomba ayataje aliyoyasikia.

"Ndizi," Furaha akasema. "Mvua. Mlango. Mwizi. Toka hapa. Bibi harusi."

"Vizuri, mama. Ila mwizi sikumtaja. Wala bibi harusi."

"Najua. Hao wametajwa na wapangaji."

"Lakini mimi nilisema..."

"Ulisema nitaje niliyoyasikia. Ningewaacha wao ungesema nimesahau."

Daktari Martina alibaki na kalamu hewani. Kisha akaandika kitu kirefu kuliko nafasi iliyokuwepo.

Zamu ya Luqmani ikafika. Utafiti ulihitaji pia watu wazima wa afya, wa kulinganisha nao. Luqmani aliposikia anatafutwa mzima, alivuta kiti bila kuambiwa.

"Baba, leo tarehe ngapi?"

"Ya Kiislamu au ya Kizungu?"

"Yoyote."

"Yoyote siijui."

Wakampa karatasi aunganishe namba kwa mstari, moja kwenda mbili, mbili kwenda tatu. Hakuwahi kukaa darasani. Aliishika kalamu kama anayetaka kupalilia, akaipitisha karatasi nzima kwa mfereji mmoja ulionyooka mpaka mezani. Furaha alikuwa akichungulia begani. "Ya tatu umeiruka," akamnong'oneza. "Hiyo hapo. Siyo hiyo, hiyo ni meza."

Wakamfunika aibu kwa kumpima mwili. Mguuni walikuta kidonda cha jembe, amekifunga kitambaa cha kanga, kimetunga usaha. Daktari akakisafisha mwenyewe, akampa dawa, kisha akamwambia kwa huruma:

"Baba, samahani. Wewe hatutakutumia. Kidonda hiki kimewaamsha askari wote. Hatutajua ni wa kidonda au wa kitu kingine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hukufaa kwenye kundi la wazima."

Walipoanza kupanda mteremko wa kurudi nyumbani, Furaha alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

"Baba Yasmin! Mimi nimepimwa wazimu nimepita. Wewe umepimwa uzima umekataliwa!"

"Twende, mvua inakuja."

"Ngoja nipumue. Mtu anakwenda mzima anarudi hakufaa!"

Kila aliyekutana nao njiani alipewa habari hiyo. Walioizoea njia ya kumkwepa walisimama kumsikiliza. Luqmani hakuona vibaya. Kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu Yasmin alipokuwa ananyonya.

Shida ilikuja kwa simu. Nyumbani hawakuwa na simu inayokaa na chaji, kwa hiyo kliniki waliacha namba ya Halidi. Daktari Martina alipopiga, Halidi alikuwa Kihonda, mashine inaunguruma, wateja wanapiga kelele za unga wao.

"Naomba kuongea na Furaha," akasema Daktari.

"Ongea na mimi! Mimi ndiye mkuu wa ukoo!"

"Hapana, mwambie tu mama aje kliniki nimweleze mwenyewe. Kinga iko juu kidogo, asiogope..."

Mashine ikameza yaliyobaki. Halidi aliweka simu mfukoni, akazima mtambo, akakaa kwenye gunia. Kinga iko juu. Hata madaktari wamekubali! Kwa miaka yote alikuwa akisema dada yake hana kinga ya uchawi, mtu kaiondoa, akachekwa. Leo serikali imempigia simu kumwambia mahali ilipo: iko juu. Mlimani.

Akatuma ujumbe Kisaki kwa Fundi Salum, mganga mwenye sifa ya kurudisha vitu vilivyopanda. Fundi akaja na treni.

Kikao kikawekwa nyumbani kwa Furaha. Waliitwa wazee wa ukoo, wakiongozwa na Bibi Asha, mdogo wa marehemu mama yake Furaha, bibi kizee mwenye ulimi usioota kutu. Walipanga kukaa uani, mvua ikawafukuza, wakabanana wote jikoni kuzunguka mafiga. Halidi, kwa ukubwa wake, alipewa kigoda cha karibu na moto. Alivaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi. Fundi Salum aliketi mkabala, pua inamchuruzika, kila neno la tatu anapiga chafya.

"Pole, Fundi," akasema Bibi Asha. "Mafua?"

"Hali ya hewa ya huku, mama."

"Si ndiwe muuza kinga?"

"Mganga hajigangi, mama yangu."

"Nimeona. Kuna mtu ana Panadol?"

Halidi akakohoa kikubwa, akaanza. Akaeleza simu, akaeleza maneno ya daktari. Alipofika kwenye "iko juu" alinyoosha mkono kuelekea mlimani, na wazee wakageuka wote kutazama ukuta.

Luqmani aliketi mlangoni, nusu ndani nusu mvuani, mahali pa mume.

"Daktari alisema ni askari wa kwenye damu," akasema. "Wameamka."

"Askari?" Halidi akadaka. "Jambo limefika polisi, shemeji, na hukutuambia?"

"Siyo hao."

"Wapo wa namna ngapi?"

Luqmani hakuwa na maneno ya kutosha. Hayakuwahi kumtosha.

Fundi Salum akafuta pua, akashika kauli. "Kinga ya mtu hukaa kitovuni. Haina miguu. Ikionekana juu, ujue kuna aliyeipandisha. Nauliza tu, simtaji mtu. Katika nyumba hii nani analima juu?"

Macho yote yakamfuata Luqmani. Maharage yake yalikuwa juu.

"Na huo mguu, mzee, uliumia wapi?"

"Shambani."

"Shamba la wapi?"

"La juu."

Wazee wakaguna. Ushahidi ulikuwa umekamilika, haukupungukiwa na kitu ila ukweli.

Fundi akatoa hukumu yake. Furaha atakwenda naye Kisaki. Atafungwa mguu kwa kamba, kamba laini, asije akaifuata kinga huko mlimani kabla haijateremka. Ataacha vidonge, maana kinga na vidonge havikai chungu kimoja. Itachukua muda gani? Hilo linategemea kinga.

Luqmani aliwahi kuwaona watu waliofungwa kamba laini. Alijua zinaacha alama gani. Alijua pia kwamba Furaha bila vidonge, bila ule mstari wa vitu jikoni, hatakuwa mtu wa kurudishwa nyumbani tena.

"Hatoki," akasema.

"Shemeji," Halidi akasema polepole, "hapa umeoa. Hukuzaliwa hapa."

Na hiyo ilikuwa kweli. Wazee wakainamisha vichwa. Kwa desturi, kauli ya mume kwenye kikao cha ukoo ni kama kikohozi: kinasikika, hakijibiwi.

Ndipo Bibi Asha akapiga goti lake kwa kiganja. "Mnamgawa kama mbuzi, naye kakaa hapo. Muulizeni mwenyewe! Akijibu kama mwenye akili zake, anabaki na mumewe. Akijibu hewa, mchukueni."

Wakakubaliana. Lilikuwa jambo jipya. Hakuna aliyewahi kulifikiria.

Luqmani akamtazama mkewe. Tangu asubuhi hiyo Furaha viungo vilikuwa vimemvimba. Chumvi ilikuwa imeshuka darini. Alikuwa ameketi nyuma ya mafiga, midomo inacheza, anawajibu wapangaji kwa sauti ya chini. Siku zote angeweza kuulizwa, isipokuwa hiyo.

Halidi akajisogeza mbele. "Dada. Leo siku gani?"

Furaha akatazama moto.

"Dada, watu hawa wamekuja kufanya nini?"

Midomo ikacheza. "Harusi," akasema, lakini haikujulikana anamwambia nani.

Fundi Salum akaanza kukusanya mkoba wake. Mzee mmoja akasema, "Mungu amsaidie." Luqmani akainuka nusu, mguu ukamuuma, akarudi chini. Hakuwa na la kufanya. Katika chumba kilichojaa watu, mtu mmoja tu ndiye angeweza kumwokoa Furaha, naye alikuwa kwenye mazungumzo mengine.

"Basi, la mwisho, dada yangu," Halidi akasema, na hapo sauti yake ikawa ya mdogo mtu kweli, maana alimpenda kwa namna yake. "Niambie tu hili. Kinga yako iko wapi?"

Furaha akainua uso. Alimtazama mdogo wake kwanza machoni, halafu akashusha macho polepole, akapita kwenye kanzu, mpaka chini.

Alichosema kilikuwa kifupi. Bibi Asha akaangua kicheko mpaka ushungi ukamdondoka. Wazee wakafuata. Fundi Salum naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akahitaji kupigwa mgongo. Na Halidi, mkuu wa ukoo, mwenye mashine Kihonda, aliinama akatii kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyokuwa akitii alipokuwa mtoto. Akaunguza vidole viwili na kulipaka masizi pindo la kanzu.

Kikao kilichocheka hakiwezi tena kuhukumu. Watu wakanywa chai, wakakunja nyuso kidogo kwa chumvi, wakaondoka mmojammoja. Bibi Asha alisema mlangoni, "Kajibu kuliko mliomuuliza." Fundi aliondoka na Panadol. Hirizi aliyokuja nayo aliisahau kwenye kigoda, na Furaha akaifanya kamba ya kufungia majani ya maboga.

Baadaye walikwenda kliniki. Daktari Martina akaeleza kwamba "juu" ni ya kwenye kipimo cha damu, wala si ya mlimani. Kwamba kwa Furaha askari walionekana wako macho kupita kawaida. Kwamba bado hajajua maana yake, na dawa aendelee na zilezile. Luqmani alimshukuru. Alikuwa amepanda mlima huo mara nyingi na hakukuta kitu ila maharage.

Jambo moja halikumtoka. Hakupata kujua kama siku ile Furaha aliwashinda kwa utani, au ni ugonjwa tu uliosikia neno na kuliokota lilipoangukia. Hakumuuliza. Aliogopa kwamba jibu lingepunguza kitu. Na sasa hakuna wa kuulizwa.

Siku hizi kila usiku bado anavipanga vitu kwa mstari, sufuria, maji, majani, sukari, ingawa wa kuufuata mstari hayupo. Chumvi ameiteremsha darini, ameiweka mwisho. Asubuhi moto ukisuasua, hutazama miguuni kwake, husubiri kidogo, kisha hujiitia mwenyewe jina la shemeji yake na kuyarudia maneno ya siku ile kama yalivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza:

"Kinga si hiyo hapo mguuni pako, Halidi? Isogeze, moto unakufa, na mume wangu hajanywa chai."